Daftari la Madeni

Duka langu ni mlango mmoja na mashine moja,
mkabala na geti la chuo, hapa Laroo, Gulu.
Ukurasa shilingi mia.
Umeme ukikatika, sote tunakaa tunatazama vumbi.

Nina daftari la madeni, jalada lake limeliwa na panya.
Chuo nakijua humo, siyo kwenye mabango yao
yenye vijana wanne wanaocheka ndani ya majoho.
Oyella, kurasa arobaini: haondoki mpaka nimtazame usoni,
maana ni kiziwi, na hesabu yangu huisoma midomoni.
Kenyi, wa kambi ya Palabek, nakala sita za cheti cha Kiarabu
ambacho ofisi imekikataa mara sita.
Mwingine sikuandika jina. Niliandika tu: yule mwenye mtoto.

Halafu Lomongin.
Alikuja wiki ya pili ya muhula, fimbo mbele,
kigoda cha kwao Kaabong kikining'inia kidoleni,
cha mti mweusi, ukubwa wa mkate.
Akataka nakala ya kitabu kizima cha sheria.
Nikamwambia, kaka, nisamehe, utakisomaje?
Akasema, sijui bado. Kwanza niwe nacho.

Trakoma. Kope ziligeukia ndani
zikamkwaruza macho kidogo kidogo tangu utotoni,
"kama mtu anayefagia ua usiku," alisema,
"kunakucha, hata ua wenyewe haupo."

Chuoni walimwahidi kompyuta inayosema.
Fomu ikajazwa. Fomu ikapotea. Ikajazwa nyingine.
Ofisa mmoja, mtu mwema, simlaumu,
akampa karatasi ya kuandikia malalamiko,
yenye herufi ndogo kama siafu.

Basi nikamsomea.
Saa moja usiku, nusu ya mlango imefungwa,
mimi niliyeishia sekondari ya pili,
mimi niliyetembea na blanketi kutoka kijijini kila jua likizama
kuja kulala kwenye baraza za mji huu huu,
watoto mamia, tumelazwa kama karatasi kwenye trei,
namsomea mtu sheria ya mikataba!
Maneno mengine niliyatafuna kama posho yenye mchanga.
"Rudia," alisema. "Rudia, lakini usikimbie."

Usiku mmoja tukafika penye kifungu kile:
ahadi isiyolipiwa chochote na upande wa pili
haidaiwi mahakamani.
Akacheka mpaka kigoda kikalia.
"Kwa hiyo mama, siku ukichoka, sina pa kukushtaki."
Mashine ilikuwa bado ina joto. Nikaiegemea.
"Nifafanulie, basi," nikasema. "Mimi nasoma tu, sielewi."
Akanifafanulia.
Na kesho yake pia, na keshokutwa, bila mimi kuomba.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba ni cha nani.

Matokeo yalibandikwa ubaoni siku ya mvua.
Nilimshika mkono tukapenya katikati ya miavuli,
nikatafuta namba yake kwa kidole.
Mikataba, amefaulu. Jinai, amefaulu. Katiba, vizuri sana.
Ardhi.
Nikanyamaza kidogo kuliko inavyoruhusiwa kwa msomaji,
naye akajua.

Ardhi ndiyo ile niliyoruka kurasa.
Kumi na moja. Nilikuwa nimechoka, mshumaa ulikuwa unakwisha,
nikajiambia, kipofu atajuaje.
Nilimwambia pale pale, mvua ikinipiga mgongoni.
Akasema, "Nilijua usiku ule ule. Sauti yako ilivuka mto
bila kulowa miguu."
"Mbona hukusema?"
"Ungenisomea kesho yake?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina jibu zuri.

Mtihani wa marudio ni mwezi wa nane.
Kompyuta inayosema, wanasema, iko njiani; njia gani, hawasemi.
Jioni ile nilifungua daftari la madeni,
chini ya Kenyi, juu ya yule mwenye mtoto,
nikaandika jina langu kwa mara ya kwanza,
na mbele yake: kurasa kumi na moja.

Kisha nikafunga nusu ya mlango.
Akaweka kigoda chini.