Shavu Halina Ulimi

Shuwekha, nimekisoma kichupa chako
mara mbili, kwa miwani ya Bimkubwa:
maji, kisha spiriti,
ile ile tuliyokuwa tukiamshia karabai
hapa Wete, umeme haujafika.
Imetiwa uchungu tu, asije mtu akainywa.

Ulimi unajua kutema.
Shavu halina ulimi.
Hunywa kimya, hupoa, hung'aa,
ikifika alasiri limekaza
kama dufu la maulidi.

Waniuliza iwapo udhu unaswihi.
Hilo mpelekee ustadhi.
Mimi nauza dawa Limbani, najua la uso:
juzi umecheka nusu
ukashika mdomo.

Liwa ya mama ingalipo kabatini,
imekauka nayo, imepasuka kigaeni.
Lakini hiyo, tone moja la maji,
huamka.