Mafuta Gani

Nilikodiwa siku kumi na tisa
kubeba waya mweusi kutoka Kalya hadi mguuni mwa mlima.
Elfu kumi na tano kwa siku, buti,
na kofia ya plastiki iliyonibana masikio.
Kila hatua hamsini tulichimba kijishimo,
tukazika kidude cha kusikiliza ardhi,
mhandisi akainua kidole: tulia.
Kisha udongo ukakohoa.

Siku ya nne sokwe walipiga kelele bondeni
halafu wakanyamaza siku mbili.
Hilo halikuandikwa. Fomu haikuwa na mstari wake.

Ilikuwa na mstari huu: Jina la mahali.
Nikamwambia, Panapolala Mvua ya Bunengwa.
Akasema refu mno, nafasi haitoshi,
akaandika 714.
Mstari wa chini yake: Wakazi.
Akatazama miti. Akanitazama mimi,
nimesimama mbele yake na waya wake begani,
akaandika: hakuna.

Walipoondoka kurudi Kigoma mjini
niliokota ramani waliyoitupa, imechanika kona.
Shangazi Tausi alikuwa ufukweni akigeuza dagaa.
Nisomee, akasema.

Mia saba kumi na nne.
— Hapo mama alinizaa, chini ya mbula,
akitoka kurina asali. Ndoo hakuiangusha.
Mia saba ishirini.
— Makaburi. Usipaoneshe kidole.
Mia saba thelathini na mbili. Hii imo majini.
— Kuhe hulinda mayai yake hapo.
Baba yako akifika alikuwa akiinua kafi,
anaacha mtumbwi uteleze wenyewe.

Akajipangusa magamba kwenye kanga.
Kwani wanatafuta nini?
Mafuta, shangazi.

Alicheka mpaka akakaa chini.
Akanyoosha kidevu kwenye dumu la mawese,
jekundu, limeganda kwa baridi ya alfajiri;
akanyoosha kidevu kwenye kikaango,
migebuka ikijikaanga kwa unono wake yenyewe.
Mafuta gani tena? Si waje na chupa!

Ya chini, nikasema. Chini ya ziwa,
chini ya matope ya chini ya ziwa.

Hapo hakucheka.
Ziwa hili halina haraka, akasema, si mto.
Alichokiangusha babu kitamkuta mjukuu.

Kisha, akichambua dagaa mmoja mmoja
kana kwamba anazungumza nao:
Walitutoa kule mlimani nikiwa na mimba ya Rukia.
Wakasema pori linataka kupumua.
Haya. Tukashuka na kuku, tukashuka na vinu.
Nikajiambia, angalau sokwe atalala pangu.
Leo limepumua,
wamekuja kulitoboa mapafu?

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na laki mbili na elfu themanini na tano mfukoni,
na bati za paa lake zilikuwa humo,
nimeshazihesabu njiani, bati kwa bati,
na misumari.
Alijua. Hakuniuliza.

Upepo uliinua ramani.
Akaitandika mchangani, akaimwagia dagaa juu
isiruke, akaenda kutafuta kuni.
Kufika adhuhuri jua lilikuwa limekamua samaki;
unono ukaenea kwenye karatasi, taratibu,
ukala 732, ukala 720,
mpaka namba zikawa kama kioo
na chini yake ukaonekana mchanga
na chungu mmoja anapita.

Shangazi akarudi, akainama.
Haya, yametokea, akasema. Waite.

Kesho kuna mkutano shuleni, mhandisi atakuwepo,
na maji ya chupa kwa wajumbe.
Ramani nitaipeleka hivyohivyo, inanuka.
Sijui nitasema nini; ulimi wangu mzito mbele za watu,
na buti zao bado ninazo miguuni.
Lakini akiuliza tena jina la mahali
nitamwomba karatasi ndefu.