Mtu wa Bariyeri

Sheffield ni mji wa vilima. Hospitali imekaa kileleni
kama mtu aliyepanda kiti asikie vizuri.
Nilifika nikihema, beji shingoni: MKALIMANI,
na chini yake jina langu, limekosewa herufi moja.

Kanuni ya kazi yangu ni fupi:
usiongeze, usipunguze, usiwe na lako.
Mgonjwa akisema "mimi", nawe sema "mimi".
Basi saa tatu na robo, kwa kinywa kizima kilichotoka kunywa chai,
nilisema kwa Kiingereza: mimi nina uvimbe kichwani,
mkono wangu wa kushoto unaangusha vikombe.

Mwenye mkono ni Mzee Bahizire, wa Bukavu,
miaka kumi na mmoja mwoka mikate wa zamu ya usiku huko Attercliffe.
Mshono umempita juu ya sikio kama zipu ya begi la safari.
Mkewe, Nabintu, alimshikia kofia kwa mikono miwili,
kama sahani yenye mchuzi.

Daktari Pickersgill alichora.
Alichora seli, akachora ngazi iliyojisokota,
akasema, nami nikasema:
katika maandishi yote haya, sehemu ndogo tu,
mbili kwa mia haifiki, ndiyo inayoagiza protini.
Yaliyobaki mengi tuliyaita takataka. Baadaye tukaona haya.
Kwani humo hutoka RNA zisizotunga kitu,
nyingine fupi mno, herufi ishirini na mbili hivi,
fupi kuliko jina lako na la baba yako yakiwekwa pamoja.
Humvizia mjumbe njiani, zikamziba mdomo.
Katika uvimbe kama wako, moja yao imezidi.
Mjumbe aliyebeba neno "acha", aliyebeba "yatosha",
aliyebeba "seli hii na ife",
hukamatwa kabla hajafika.

Hapo nikakwama.
Isiyotunga, ndivyo nilivyosema? Au isiyosimba? Isiyozaa?
Kiswahili changu cha Pangani kilikuna kichwa.
Nikasema "RNA bubu", nikajuta papo hapo:
bubu gani huyo anyamazishaye wenye sauti?

Mzee akainua mkono, ule mzima.
"Naelewa, dada. Ni sawa ule muntu wa bariyeri.
Halime. Hauzishe. Hana hata muzigo.
Anashika tu kamba,
na barabara yote inamungojea."

Nikaitafsiri kamba.
Daktari aliacha kalamu hewani kidogo,
kisha akaichora.

Ikaja fomu. Kipande walichokitoa kitagandishwa,
nyuzi themanini chini ya sifuri,
wataalamu wahesabu kamba ngapi zimefungwa, na nani kazishika,
na kama iko njia ya kumlegeza vidole.

"Na miye? Itanisaidia?"

Nikauliza: na mimi, itanisaidia?
Nilisikia sauti yangu ikilitaka jibu.

Daktari alijibu kwa silabi moja.
Kwetu neno hilo lina silabi tatu,
na kabla ya ile ya kwanza
niliishika kamba.

Sijui kwa muda gani. Nje, gari la taka lilikuwa likirudi nyuma,
pii, pii, pii. Nabintu alinitazama mdomo.
Kanuni haisemi chochote juu ya kimya.

Halafu nikailegeza. Ha. Pa. Na.

Mzee alitia sahihi polepole, kidole kikisukuma karatasi
kama mtu anayeandika juu ya unga.
"Bachukue," alisema. "Pengine ya mwengine bataifungua."
Kisha akaomba kofia yake, kwa kuwa kulikuwa na baridi,
na Nabintu akamvalisha, mbali na mshono.

Nilishuka kilima kwa miguu, tramu ikanipita.
Kwenye simu, hati ya malipo: dakika themanini na tano.
Je, uliongeza lolote? Hapana.
Je, ulipunguza? Hapana.

Hakuna kisanduku kinachouliza
kama ulichelewesha.