Zamu ya Wiki Mbili

Jumapili, saa tisa usiku, basi dogo linapiga honi mara moja,
fupi, kama mtu anayekohoa katikati ya ibada.
Zdenka amevaa viatu tangu saa nane.
Karatasi aliyoibandika kwenye friji ni ileile ya mwezi uliopita,
amekoleza wino mahali pamoja tu:
*Asinywe maji akiwa amelala.*
Kisha theluji ya Bardejov inammeza,
na mke wangu anakwenda Linz, ng'ambo ya mpaka,
kumlea mzee wa watu,
na mimi nabaki kumlea mama yake.

Mkwe ni mtu wa kuinamishiwa macho.
Miaka thelathini tulikutana mezani tu,
kwa adabu na supu ya kabichi.
Siku ya kwanza ya kumwogesha nilizima taa.
Akasema gizani: "Ladislav, maji yanapoa, na wewe huoni. Washa."
Nikawasha.
Tangu hapo hatuna cha kufichana
isipokuwa jina langu,
ambalo Bi Margita hulipoteza mchana
na kuliokota usiku.

Mikono hii ilitengeneza taa za ishara za reli.
Waya mwekundu, waya wa kijani, treni ipite au isimame.
Sasa inasuka nywele nyeupe, nyepesi kuliko uzi,
na kila asubuhi msuko unakwenda upande,
na kila asubuhi ananiambia umenyooka.

Saa nane mchana, mzee Alois akisinzia, Zdenka hupiga simu.
Jana amemrushia kijiko.
Leo amemshika mkono na kumfundisha mito yote ya Ulaya,
mmoja mmoja, bila kukosea,
halafu akauliza choo kiko wapi.
Binti wa mzee hulipa kwa benki, tarehe ileile, hana maneno.
Lakini wiki iliyopita aliacha kitandani ndala za sufi.
"Zimenienea, Laco. Hakuuliza kipimo.
Ina maana alikuwa ameitazama miguu yangu."
Akanyamaza. Nikasikia anajizuia.

Husema wahenga: mcheza kwao hutunzwa.
Sawa. Na mtunza kwao?
Halmashauri hunitumia posho,
haifiki kuni za mwezi.
Majirani hunipa pole mlangoni
na kuondoka upesi, kana kwamba uzee unaambukiza.
Kulea mwana si kazi, naapa;
mwana kila siku anajifunza neno.

Ila Jumatano huja muuguzi Otília kufunga kidonda.
Juzi hakuvua hata glavu za baridi.
Hakuuliza habari za kidonda.
Aliuliza: "Wewe, umelala saa ngapi?"
Nikafungua mdomo nimtajie namba
na namba haikutoka.
Akavuta kiti karibu na kitanda cha Bi Margita,
akazima simu yake ya kazini,
akanionyesha benchi la jikoni kwa kidevu.
Nililala na viatu.
Saa nzima ambayo hakuna ofisi itakayomlipa.
Nilipoamka alikuwa ameondoka,
na msuko wa mkwe wangu, kwa mara ya kwanza, umenyooka.

Jumapili ya pili Zdenka amerudi.
Kabla ya kuvua koti akaitisha beseni.
Nikadhani la mama.
Akaliweka chini yangu,
akanivua soksi kama mtu anayefungua barua ya zamani,
akakata kucha nilizozisahau tangu vuli.
Nilitaka kusema kitu, nikaviona vidole vyake,
vimepasukapasuka kwa sabuni ya nyumba ya watu,
nikavishika ndani ya maji, vyangu na vyake,
hatujui nani anamwosha nani.

Chumbani, Bi Margita akaita.
Mchana kweupe, jina langu lote, bila kulipapasa:
"Ladislav! Usiyamalize.
Mwachie naye maji."