Goti la Nani?

Maji ya Gamba, wanasema, ni ya magoti.
Nikauliza: goti la nani?
Yule kijana wa lori la chumvi ana miguu ya korongo,
goti lake kwangu mimi ni kiuno.
Mwanasiti wa duka la dawa amesikia ni ya kifundo,
lakini alisikia Jumanne,
na mto haungoji habari zake zifike Malindi.

Jana nililipeleka gari kwa Baya, kule Barani.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
nikainama, na mvungu wenyewe haupo.
Kutoka chini hadi tumboni, shubiri moja kasoro kidole.
Linavuta kwa tairi mbili za mbele;
za nyuma zinafuata tu,
kama wageni wasioijua nyumba ya harusi.

Baya hakucheka.
Alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono,
akasema, "Kwenye lami utafika, Bi Rukiya.
Lami ikiisha, hilo ni sanduku."
Hakusema sanduku la nini.

Dadangu Zena amejifungua Kipini.
Arobaini ni Jumapili.
Kwenye simu ameniambia, "Usije."
Nazijua usije za Zena.
Ya kweli hukatika fupi,
mlango wa jiko uliosukumwa na upepo.
Hii ya jana aliivuta mwishoni,
usijeee,
na nyuma yake mtoto akilia
na mtu akimimina maji kwenye beseni.

Nabahani, jirani, ana Landkruza.
Inavuta kwa miguu yote minne, na anataka elfu kumi na nane,
kwenda tu. Kurudi, anasema, ni shauri la mto.
Masika yaliyopita miguu hiyo minne
ilizama pamoja njia ya Kipini, kwa umoja kabisa,
ikavutwa na trekta siku ya pili.
Gari langu lingekwama karibu na watu.
Lake lilikwama mbali.

Usiku kucha mvua imepiga bati.
Nimepakia: doti mbili za leso, ubani,
beseni la buluu, halua kilo mbili.
Nimeshusha.
Nimepakia tena.
Halua imetoa mafuta, gazeti limekuwa kioo,
na sasa nausoma utabiri wa hewa wa juzi
kutoka upande wa pili, herufi zikienda kinyume:
*mvua za wastani.*
Wastani wa nani?

Nilipojifungua mimi, Zena alikuja.
Mto ulikuwa umefurika vilevile.
Alifika siku ya tatu,
viatu vimefungwa shingoni, tope hadi hapa,
akasimama mlangoni asichafue mkeka.
Sikumuuliza amepitaje.
Nilimuuliza mbona umechelewa.

Basi nimeamua, na si jambo kubwa.
Nikishaswali alfajiri nitavuka Sabaki,
nipite Mambrui, nipite Gongoni na vilima vyake vya chumvi,
niende hadi pale lami inapoingia majini
kama ng'ombe anayekwenda kunywa.
Hapo nitazima gari.
Nitavua viatu, nikunje buibui,
niingie mwenyewe, polepole, nikipapasa kwa vidole vya miguu
ukingo wa barabara uko wapi.

Yakivuka goti, nitarudi.
Gari dogo haliwezi mto, sawa,
lakini linageuka hata kwenye njia ya mbuzi,
na hilo Nabahani hajawahi kuliwekea bei.
Halua nitampa mwenye mtumbwi aifikishe Kipini,
na akila kidogo njiani, ni halali yake.

Zena atapiga simu, najua. Ataanza na mbona.
Nami nitakuwa nimekaa kizingitini hapa Shela,
sijaosha miguu,
nikitazama tope limekauka mpaka wapi.