Mstari wa Mkaa

Barua hii tumeiandika mara nne.
Ya kwanza ililowa.
Ya pili askari wa lango la wizara aliipokea,
akaipiga muhuri, IMEPOKELEWA,
akailaza juu ya nyingine zilizopokelewa,
akaweka kikombe chake juu yake.
Tulisimama tukitazama duara la chai likikauka.
Ya tatu ilijibiwa na mashine:
mheshimiwa yuko nje ya ofisi.
Alikuwa ng'ambo, mkutanoni,
akizungumza kuhusu sisi.

Hii ya nne naisoma kwa sauti, hapa ngazini.
Syombua amefungua mwavuli ingawa kumekauka.
Ni kumbukumbu, anasema.

Tunaanzia ukutani.
Kwetu Mukuru, nyumbani kwa mama Otwori,
kuna mstari wa mkaa uliochorwa usiku
maji yalipofika usawa wa meza.
Mwaka uliofuata, mstari mwingine, juu ya swichi ya stima.
Wa tatu uko kwenye fremu ya picha ya mumewe,
na marehemu mwenyewe hakuwahi kuwa na kimo hicho.
Huo ndio utafiti wetu. Leteni futi kamba.

Msituambie asiyeziba ufa hujenga ukuta.
Tuliziba. Na ukuta tukajenga.
Mto Ngong ukaubeba, na magunia ya mchanga,
na kitabu cha hesabu cha Akeyo wa darasa la sita
kilichopatikana siku ya tatu kwenye waya wa seng'enge,
kurasa zimegandamana kama mkate mbichi.

Tunachotaka si blanketi.
Blanketi tulipewa, tukapigwa picha nazo.
Tunataka majina: nani alitia sahihi
ghala lile likalie ukingo wa mto,
na kwa nini tingatinga lilijua njia ya kwetu usiku wa manane
lakini mchana kweupe halikuliona ghala.
Tunataka bajeti isomwe kwa Kiswahili cha sokoni,
shilingi kwa shilingi, mtaro kwa mtaro.
Tunataka king'ora kilie kabla ya maji,
si baada ya hotuba.

Na nyinyi wa habari, tokeni nyuma ya kamera.
Wewe uliyetupigia simu saa tano asubuhi
ukauliza, maji bado yapo?
Tukasema yamepungua.
Ukanyamaza kidogo, kisha:
basi mnaweza kusimama pale penye tope,
na yule mtoto asivae viatu?
Akeyo alikuwa na viatu. Vya shule.
Ndivyo alivyookoa kwanza, kabla ya kitabu.
Akavivua, kwa sababu wewe ni mtu mzima
na uliomba kwa upole.

Sekunde arobaini. Nilihesabu.
Kati ya tangazo la kamari na matokeo ya mpira.
Mkasema "mvua imesababisha."
Mvua haijawahi kutia sahihi kibali.
Mvua haina ofisi ghorofa ya tisa.
Mvua haikuchoma mafuta ya nchi za mbali
miaka mia na zaidi, kisha ikatutumia mahema.
Ulizeni maswali mnayoyajua. Mnayajua.
Na mje Januari pia,
tunaponunua mtungi shilingi hamsini
na hakuna cha kupiga picha
ila foleni.

Nilikuwa nimefika hapo
askari wa lango alipotoka na kikombe chake.
Tukadhani anatufukuza.
Akasimama nyuma ya Syombua, chini ya mwavuli usio na kazi,
akasikiliza kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.
Halafu akaweka kiganja kifuani,
hapa, kwenye kifungo cha tatu cha sare.
"Kwangu, Kiambiu," akasema, "yalifika hapa.
Nilimbeba mama mgongoni.
Sikuchora mstari. Sikujua unachorwa."

Akatazama juu, madirisha ya ghorofa ya tisa,
akashusha sauti.
"Andikeni na hiyo."

Tunaandika.
Pambizo limebaki dogo.