Swali Lile Lile

Betri naiweka kwapani kama yai la kuatamiwa,
maana Oulu mwezi wa pili haiuhurumii umeme:
nyuzi hasi ishirini na sita,
na gari la matangazo linakohoa nje ya uwanja.
Taneli, mpiga picha wangu, anapumulia lenzi,
anaifuta kwa soksi ya mtoto wake.
Pamba ile, anasema, haina mpinzani.

Watu hudhani kazi yangu ni kutazama mchezo.
Mchezo siuoni.
Naona mgongo wa Taneli, naona saa,
naona karatasi ya majina iliyolowa kahawa:
Vierimaa, Kallunki, Sarkkinen mkubwa na Sarkkinen mdogo.
Nayakariri chooni, mbele ya kioo,
huku napaka poda puani
(pua ikibaki nyekundu, barua zinamiminika:
yule mama amelewa).
Magoli nayajua kwa kelele.
Ndefu ni letu, fupi ni lao,
na kimya maana yake kuna meno kwenye barafu.

Nikirudi saa saba za usiku paka ananinunia.
Friji ina nusu limau na betri za akiba.
Miaka kumi na minne nimekula chajio
nimesimama, kwa uma wa plastiki,
na Markku, aliyekuwa mume wangu, aliwahi kusema
ananiona zaidi kwenye runinga kuliko mezani,
na kwenye runinga angalau natabasamu.
Alisema bila hasira. Hapo ndipo paliponiuma.

Jumanne ile asubuhi nilitia sahihi.
Kalamu ya mwanasheria ilikuwa na nembo ya klabu.
Mchana nikasafirisha kabati kwa gari la dada.
Jioni kipaza sauti mkononi,
tumefungwa sita kwa moja,
wakamleta Vierimaa, golikipa,
miaka ishirini na mmoja,
mvuke ukimtoka kichwani kama sufuria iliyofunuliwa.
Sikioni Oili, mwongozaji: "Sekunde kumi na mbili. Uliza."
Nikauliza swali lile lile
nililowauliza waliofiwa na ubingwa na waliouopoa,
swali lisilo mfupa wala nyama:
"Unajisikiaje?"

Akanitazama. Si kamera. Mimi.
"Wewe je?"

Huku kwetu hali haiulizwi njiani.
Ukimuuliza mtu, vua koti, keti, usikilize mpaka mwisho.
Nami nimewauliza watu hali miaka yote hiyo
nikiwa na koti langu, mguu mmoja nje.

Kichwani nilikuwa na majibu ya wachezaji mia nne:
tutajipanga, mchezo ndivyo ulivyo, tunaangalia mechi ijayo.
Hakuna lililonitosha mdomoni.
"Nimehama leo," nikasema.
"Kabati limegoma kupita mlangoni."

Oili hakutukana, jambo la ajabu.
Aliweka tangazo la mtindi.

Vierimaa akavua glavu, nene kama mto wa kulalia.
"Mlango una upana gani?"
Nikampimia kwa mikono, na waya wa kipaza sauti ukining'inia.

Alhamisi walikuja wawili, yeye na Sarkkinen mdogo.
Waking'oa mlango, wakapitisha kabati,
wakaurudisha mlango.
Maneno hayakuzidi tisa.
Hata kahawa sikuwapa; birika lilikuwa bado kwa Markku.

Jumamosi tukafungwa tena.
Akaletwa, mvuke kichwani, jicho moja limevimba.
Taneli akaniinulia kidole. Oili akahesabu.
Lile swali likaja lenyewe mpaka kwenye ulimi,
nikalimeza.

Yeye ndiye aliyewahi:
"Mlango unafunga?"
"Haufungi vizuri. Unaacha ufa."

Akakuna kidevu kwa glavu.
"Hata langu," akasema.